Tatu Zinasali, Tatu Zimechoka

Yale hayakuwa masale.

Naiandika sentensi hiyo kisha naiangalia, kwa sababu nimeikana kwa muda mrefu kuliko nilivyodumu kwenye kazi yoyote ya mshahara. Niliikana mbele ya wazee wa ukoo. Niliikana arusini nikiwa na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi, na Jumapili moja niliikana nje ya kanisa, kitabu cha nyimbo kikiwa bado kwapani. Petro alimsikia jogoo mmoja akaenda kulia. Mimi nimewasikia majogoo wote wa Old Moshi na nikaendelea kukana. Swali lilikuwa lilelile: "Wewe uliyefika chuo kikuu, hebu tuambie, yale majani pale mpakani kwa Mwalimu ni masale kweli?" Nami nilijibu kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Ni masale." Shahada yangu ni ya fasihi. Lakini mlimani shahada ni shahada, na neno langu lilipokewa kama la mtaalamu wa mimea.

Kwa asiye wa kwetu, nieleze. Isale ni mmea wa majani marefu, ambao Mchaga huupanda kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na kwenye kaburi. Ukimkosea mtu unampelekea jani lake, naye hana njia ya kukataa kukusamehe. Isale halitupwi wala halihamishwi ovyo. Anayeling'oa mpakani anatafuta kesi, na kwa kawaida anaipata.

Yale ya Mwalimu yalikuwa maua. Kitabuni yanaitwa airisi. Kijijini tuliyaita ndevu za mchungaji, kwa sababu kwenye petali zake zinazoning'inia kuna mstari wa manyoya ya njano, na mchungaji tuliyekuwa naye utotoni alikuwa na ndevu za namna hiyohiyo, chache na zenye kujiamini.

Mwalimu alitufundisha baiolojia katika shule ya wasichana, miaka ile ambayo sabuni ilikuwa imeanza kurudi madukani lakini chaki ilikuwa bado haijapata habari. Darubini ya shule ilikuwa na kioo kilichopasuka, ikakaa kabatini kama mgonjwa asiyetakiwa kusumbuliwa. Kwa hiyo Mwalimu alikuja darasani na ndoo ya maziwa iliyojaa maua kutoka kwake, akampa kila msichana ua moja, akasema, "Chora unachokiona. Usichore unachokijua."

Mimi nilikuwa na bidii ya kumaliza. Nilichora petali moja vizuri, nikazungusha karatasi, nikachora nyingine kama ileile, nikazungusha tena. Ua lenyewe lilikuwa jeupe, na pembeni mwa kila petali kulikuwa na nukta na vistari vya zambarau vilivyofuatana kama mshono wa mkono. Niliishona mishono yangu kwa usawa ambao cherehani ingenionea wivu. Mwalimu akaja kusimama nyuma yangu.

"Binti, ua hili umelizaa wewe?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi kwa nini watoto wake umewapa sura moja?"

Darasa likacheka. Akachukua ua langu akaligeuza polepole mbele ya macho yangu. Petali moja mshono wake ulikuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Nyingine ilikuwa na pengo, kama fundi aliitwa kula akasahau alipoishia. Nyingine ilikuwa na madoa yaliyopotea njia hadi katikati.

"Asiyeangalia huchora zote sawa," alisema. "Uongo ni mvivu. Hauna nguvu ya kubuni petali sita tofauti."

Alama zake za juu hazikuwa namba. Chini ya mchoro uliompendeza aliandika neno moja kwa kalamu nyekundu: *Umeangalia.* Wasichana walilipata neno hilo kwa nadra, na aliyelipata alilibeba bwenini kama kitenge kipya. Mimi niliandikiwa: *Umekariri.* Nimepata vyeti kadhaa baada ya hapo, vingine vina mihuri mizuri sana, na hakuna hata kimoja kilichonifuta neno lile.

Aliyaeleza maua yake kwa namna ambayo haikuwa katika mtaala. "Petali tatu zimesimama, tatu zimeinama," mtaala ulitaka tuseme. Yeye alisema, "Tatu zinasali, tatu zimechoka." Tukacheka. Akangoja tumalize. "Chekeni. Lakini nyuki anatua wapi? Hatui kwenye zinazosali. Anatua kwenye zilizochoka." Halafu akatuonyesha jinsi mistari ya zambarau inavyoanzia pembeni na kuelekea ndani, kwenye utomvu mtamu. "Mnadhani haya ni mapambo? Hii ni barabara. Nyuki hana muda wa kupendezwa, ana njaa."

Hakuwa mpole, wala sitaki kumfanya mpole kwa sababu ni mzee. Alimrudisha nyumbani msichana aliyekuja kumsalimia na kucha za rangi, akamwambia arudi na mikono yake. Sukari ilipoadimika alikunywa chai yenye sukari ambayo hakuna aliyejua ameitoa wapi. Ilipojaa madukani, na kila duka la njia panda likawa na mifuko hadi mlangoni, akaacha kuitumia, akasema haina ladha tena. Walimu wenzake walipoanza tuisheni ili waishi, yeye aliwasema waziwazi kwenye ofisi ya walimu. Kisha akafundisha watoto wa jirani barazani kwake bila kudai kitu, isipokuwa kila mmoja apalilie mstari mmoja kabla ya somo. Wazazi walilalamika kwamba watoto wanarudi na udongo mwingi kuliko elimu. "Vimechanganyika," aliwajibu. "Vioshwe pamoja."

Alivaa koti la mumewe, la sufu, mifuko imetoboka. Alilivaa hata mume akiwa hai, mume akitembea nyuma yake kwenye baridi na shati tu. Niliwahi kumuuliza mume huyo, mtu wa maneno machache aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa mjini, kama hasikii baridi. "Nasikia," alisema. Maelezo yakaishia hapo.

Upendo wao niliuona kanisani, mnadani.

Kwetu Jumapili baada ya ibada, wasio na fedha taslimu huleta sadaka ya mazao, na mazao hayo hunadiwa palepale uwanjani. Mkungu wa ndizi, mayai, kuku aliyefungwa miguu, maziwa kwenye chupa. Mnadi alikuwa shemeji yake Mwalimu, mdogo wa mumewe, mtu wa sauti na tumbo, ambaye kihamba chake kinapakana na cha kaka yake kwa chini. Shemeji aliweza kusifu kitu chochote. "Jogoo huyu," alisema akimwinua juu, "anawika kwa Kijerumani! Ukimchinja ni dhambi, ukimfuga ni utajiri!" Watu walicheka wakapandisha bei ya jogoo ambaye kila mtu alijua ana ugonjwa.

Mwalimu alileta maua. Kila msimu wa kuchanua alileta fungu la yale ya mshono wa zambarau, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Hapo ndipo kipaji cha Shemeji kilipokwama. "Maua haya..." alianza, akayageuza huku na huku. "Maua haya... hayaliwi, lakini pia hayali!" Watu walitazama viatu vyao.  Kisha kutoka nyuma, karibu na ukuta, mume alitaja bei, peke yake, bila mpinzani. Akalipa, akachukua fungu, akalibeba hadi nyumbani kwenye nyumba ileile yalikotoka.

"Mwalimu, si bora uwe unaleta ndizi?" nilimuuliza siku moja, nikiwa na ujinga wa miaka ya chuo.

"Ndizi ni za ukoo wao," alisema. "Kahawa ni ya ukoo wao. Ng'ombe, mfereji, hata kaburi nitakalolazwa ni la ukoo wao. Namtolea Mungu kilicho changu."

Na hilo lilikuwa kweli kwa maana ya kawaida kabisa. Alipoolewa alikuja na kipande cha mzizi wa ua lile kwenye sufuria, chini ya vijiko, alichopewa na muuguzi wa misheni aliyemlea kikazi. Uani kwa mama mkwe alikuta airisi nyingine za zamani, za bluu tupu, na nyingine za rangi isiyoeleweka, kati ya asali na maji ya mafuriko. Zilikuwa za nyumba. La mshono lilikuwa lake. Akalipanda mbele, kwenye jua, juu ya mawe, mzizi ukiwa nje nusu kama kiboko anayeota jua. Airisi haitaki kufunikwa wala kuonewa huruma ya maji. Kivulini inabaki majani.

Mume alikufa ghafla, miaka ile ambayo chama cha ushirika kilikuwa kimeanza kushindwa na wanunuzi binafsi walipita na magari kununua kahawa mlangoni kwa mtu. Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni nikifundisha mjini, nikapanda na wenzangu kusaidia kuchota maji na kumenya ndizi.

Mnajua msiba unavyohitaji uwanja. Vijana waliambiwa wafyeke mbele ya nyumba waweke turubai na mabenchi, na mbele ya nyumba ndipo airisi zilipokuwa, la mshono pamoja na zile za nyumba alizokuwa amezihamishia juani. Hazikuwa na ua hata moja wakati ule, ni majani tu, yamesimama kama visu vilivyopangwa. Panga la kwanza liliposhuka, mzee wa ukoo, babu aliyekuwa akiona kwa jicho moja na kwa mazoea, akapiga kelele: "Hayo ni masale! Mna wazimu? Mtu amelala ndani hajazikwa, mnafyeka masale!"

Ukweli ni kwamba hayafanani sana na masale. Jani la isale ni pana na laini, linapinda. La airisi limenyooka na kutoka kama kipepeo cha kupepea moto. Lakini nani anambishia babu msibani? Vijana waling'oa kwa heshima, wakavua hata kofia, wakayalaza kivulini na kuyafunika majani ya mgomba. Siku ya kuanua tanga ukoo ukakaa kuamua mjane atabaki wapi. Mwalimu hakuwa na mtoto. Nyumba nyingine mlimani, mjane wa namna hiyo alipewa shukrani na nauli. Wazee wakabishana hadi wakachoka, kisha babu akainuka na fimbo yake, akateremka hadi chini ya kihamba, chini ya miti ya kivuli, akachora mstari ardhini.

"Mke wa mwanangu atakaa hadi hapa," akasema. "Leteni yale masale."

Yakaletwa. Yakapandwa kwenye mstari, yakafukiwa vizuri, yakatiliwa samadi na kumwagiwa maji ya mfereji. Kila kitu ambacho airisi haikitaki.

Mimi nilikuwa nimekaa mkekani karibu na Mwalimu. Nilimwona akifungua mdomo. Nilimwona akiufunga. Babu alifariki kabla ya mvua zilizofuata, na neno lake likawa halina wa kulibadili.

"Ningesema nini?" aliniuliza baadaye sana. "Samahani Babu, hayo ni mapambo yangu? Wangecheka, na mstari ungefutika pamoja na kicheko. Walinipa ardhi kwa maua yangu mwenyewe."

Ndivyo mwalimu aliyetufundisha kwamba uongo ni mvivu alivyoanza kuishi na uongo usiolala. Akisema ni maua, mpaka wake si mpaka, na Shemeji ana watoto wa kiume wakubwa, wawili wako Dar, wanaoulizia bei ya viwanja kila Krismasi. Akisema ni masale, kitu kimoja kilichokuwa chake katika kihamba kile si chake tena, na hawezi kukigusa. Alichagua ardhi. Mimi nikawa shahidi wake wa kitaalamu.

Miaka ikapita na ua halikutoka. Mizizi mingine ilioza. Kila alipopalilia mpakani alikuta pengo jipya kwenye mstari, akasogeza majani yaliyobaki kwa vidole ili pengo lisionekane. Kwa majani pekee hakuna awezaye kutofautisha ya bluu, ya asali na ya mshono. Petali ndizo zinazosema, na petali hazikuwepo. Kwa hiyo hakujua kama la kwake ni mojawapo ya yaliyobaki au ni mojawapo ya mapengo.

Mambo mengine yalibadilika kwa kasi ambayo yeye aliitazama kama mtu anayetazama gari likimpita bila kusimama. Mitumba ilijaa sokoni. Maua ya plastiki yaliingia makanisani, yakawekwa madhabahuni, yakafutwa vumbi kila Jumamosi na akina mama wa zamu. Mwalimu aliinama kulitazama moja kwa makini, akanyooka. "Yote yanafanana," alisema, kwa sauti ya daktari anayetoa majibu mabaya.

Bei ya kahawa ilianguka, ikapanda kidogo ili watu wasikate tamaa, ikaanguka tena. Nami nilihama kutoka kufundisha kwenda kuandika makala magazetini, kazi ambayo mama yangu aliieleza kwa majirani kama "bado anatafuta." Kila nilipopanda Old Moshi, Shemeji aliniuliza swali lake, na kila mara akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko jibu langu lilivyostahili.

Halafu macho ya Mwalimu yakaanza kufunga. Mtoto wa jicho, alisema daktari, macho yote mawili, na upasuaji una foleni. Mwalimu hakulalamika. Alisema ameangalia vya kutosha, imebaki kitu kimoja.

Mara ya mwisho niliyokusudia kuieleza hapa ilikuwa Jumamosi yenye jua kali. Nilifika kwa miguu kutoka njia kuu, nikihema. Alikuwa amekaa barazani ndani ya koti lile, uso ameuelekeza chini ya mlima.

"Hizo ni hatua za mtu aliyekariri," alisema kabla sijafungua kinywa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Miti imekatwa?"

Nikatazama. Upande wa pili wa mpaka, pale palipokuwa na kivuli tangu nikiwa mtoto, palikuwa wazi. Miti ya kivuli imekatwa, kahawa imeng'olewa, visiki vimechomwa. Badala yake mistari ya nyanya imefungwa kwenye vijiti. Mlima wote ulikuwa unafanya hivyo wakati ule, lakini hapa ilikuwa kama mtu amenyolewa kichwa bila kuulizwa.

"Imekatwa yote," nikasema.

"Uso wangu umeniambia. Jua la upande ule halijawahi kufika kiti hiki." Akakunja mikono ndani ya koti. "Nimekuwa nikiomba mambo mawili. Asubuhi naomba lichanue, nilione kabla sijafungwa macho kabisa. Jioni naomba lisichanue, maana likichanua kila mtu ataona mpaka wangu ni bustani. Mungu naye atakuwa amechoka na mimi."

Tukateremka, mkono wake kwenye bega langu. Shemeji alikuwa kwenye nyanya zake, bomba la dawa mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwandishi! Umekuja kutukagua? Umeziona nyanya? Kahawa imenilea kwa ahadi, hizi zitanizika kwa heshima." Akamgeukia Mwalimu. "Shemeji, usinune. Miti nimekata upande wangu."

"Sijanuna. Umeniletea jua nami sikukuomba."

"Basi sema ahsante!"

"Nitasema nikijua limekuja kufanya nini."

Shemeji akacheka, kisha macho yake yakashuka kwenye mstari wa majani. Yalikuwa yamebadilika. Yamenenepa, yamesimama, yana rangi ya kijivu yenye afya. "Masale haya yananawiri," alisema polepole. "Eti mwandishi. Ni masale?"

"Ni masale, mzee."

"Chuo kikuu, bwana," alisema, akarudi kwenye nyanya.

Mwalimu alichuchumaa. Vidole vyake vikapita jani kwa jani, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye kanga, vikasimama. Akauchukua mkono wangu akauweka alipoishia. Katikati ya majani kulikuwa na kikonyo, na juu ya kikonyo chipukizi gumu la ua, limejaa.

"Naona," nikanong'ona.

Alilishika lile chipukizi kati ya vidole viwili, namna tunavyoshika ncha ya haragwe kabla ya kuivunja. Kuvunja kungekuwa rahisi. Lingekuwa limekwisha, mpaka ungebaki mpaka, na mwakani angevunja tena. Shemeji alikuwa ametugeuzia mgongo. Nilingoja kusikia sauti ndogo ya kuvunjika.

Akaachia.

"Siwezi," alisema. "Nimechoka kudanganya. Liseme lenyewe."

Nikashuka mjini nikiwa na hofu ambayo sikuizoea, hofu ya mtu ambaye uongo wake unakaribia kuchanua. Nilianza kupanga nitakachowaambia wazee. Niliandaa hoja kuhusu aina adimu za masale. Zilikuwa hoja nzuri, zote zinafanana.

Simu ililia nikiwa Pasua, kwangu mjini, nachambua mchele. Simu za mkononi zilikuwa bado ngeni kwa watu wa umri wa Shemeji, na yeye alikuwa anaitumia kama anavyotumia uwanja wa kanisa.

"MWANDISHI!"

"Shikamoo, mzee. Nakusikia."

"Marahaba. Masale yenu yamechanua."

Nikaweka ungo chini. "Masale yetu, mzee?"

"Yenu! Wewe na shemeji yangu. Mliona mimi ni mtoto? Siku ile ya msiba nilikuwa nimesimama nyuma ya babu. Mimi ndiye niliyeyanadi maua hayo miaka yote, nisiyajue majani yake?"

"Mzee, mbona hukusema?"

"Nimkosoe babu mbele ya kaburi la kaka yangu? Na mbona ninyi hamkusema? Nilikuwa nakuuliza kila mara, nikifikiri leo atasema ukweli, tulimalize. Unanijibu masale, masale, kama kasuku wa misheni." Akahema. "Sikia. Wanangu wanakuja Pasaka. Wataona maua mpakani, na siku nikifa watasema hapakuwa na mpaka. Jana nimewaita wazee wawili. Nimepanda masale, ya kweli, mstari uleule wa babu, sikusogeza hata unyayo. Na jani moja nimempelekea yeye mkononi. Sasa aje achukue ua lake, linanizibia maji. Lakini haniamini!"

Kukawa na mkwaruzo, mabishano ya mbali, kisha sauti ya Mwalimu, karibu mno, kama mtu anayeongea ndani ya chungu.

"Masale nimeyashika. Hayo ni kweli, jani linapinda. Lakini anasema ua ni jeupe lenye mshono. Huyu ni mnadi. Ananionea huruma. Linaweza kuwa la bluu."

"Mwalimu, kwa nini akudanganye?"

"Kwa sababu sasa ananipenda. Ni hatari zaidi. Mwulize petali zikoje. Zile zilizochoka."

Simu ikarudishwa. "Mzee," nikasema, "yale majani matatu ya ua yaliyoinama. Yakoje?"

"Si nimeshamwambia? Meupe, pembeni zambarau. Mazuri sana! Yote matatu mazuri, kama yamepimwa kwa rula!"

Nyuma yake nikamsikia Mwalimu akisema, "Umesikia? Yote sawa," kwa sauti iliyoshuka hadi mwisho, ya mtu aliyelitegemea hilo na bado limemuuma.

"Mzee," nikasema, "usimsifie. Shuka pale, chuchumaa, uangalie moja moja."

"Na magoti yangu haya?"

"Na magoti hayo."

Akaondoka na simu ikiwa hewani. Nilisikia viatu vikisaga udongo, vijiti vya nyanya, pumzi ya mtu mnene anayeshuka chini. Kisha kimya. Shemeji, ambaye sijawahi kumjua akiwa kimya, alinyamaza hadi nikadhani salio lake limekwisha.

Viatu vikarudi. Alipoongea hakuongea na mimi, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti.

"Shemeji. Hayafanani."

Akamsogelea, simu ikakwaruza.

"La kushoto mshono wake umekatika, kama fundi aliishiwa uzi. La mbele lina madoa yameingia hadi karibu na ndevu. Hili la kulia," akasita, "hili la kulia pembeni ni nene huku, huku linaisha. Sijui nilikuwa nanadi nini miaka yote ile."

 Halafu, kwa mbali, nikamsikia Mwalimu akisema neno ambalo mimi sikuwahi kupewa.

"Umeangalia."